Udume wa Kwenye Kopo

Jumatatu, 3 Machi

Kifua amepata mtoto wa tatu. Wa tatu! Kaingia dukani asubuhi na mfuko wa peremende, akagawia wauzaji, wateja, mpaka mlinzi wa getini. Mimi kanipa mbili. Kanigonga bega na kusema, kwa ile sauti yake ya pipa tupu, kwamba nisijali kaka, zamu yangu itafika. Wote wakaangalia pembeni. Nimezitafuna peremende kwa hasira na maganda nimemtumbukizia kwenye mfuko wa koti lake.

Kifua ndiye mwenzangu wa kuuza magodoro. Kifua kinatangulia, yeye anafuata. Akikalia godoro, mteja anaamini. Nikilikalia mimi, mteja anauliza kama kuna la bei nafuu zaidi.

Mimi na mke wangu tuna miaka minne ya ndoa. Mtoto hakuna. Mke wangu ni msusi. Kutwa nzima anawasuka kina mama wenye watoto mapajani, halafu anarudi nyumbani kuniuliza siku yangu ilikuwaje. Haulizi kingine. Hapo ndipo panaponiuma. Namtaka huyo mtoto mpaka usingizi umenikimbia, mimi ninayeuza usingizi!

Jioni nimepitia jimu. Mwalimu wa pale tunamwita Chuma. Kanipima kwa macho juu mpaka chini, akasema jambo liko wazi, nimepungukiwa homoni ya kiume. Nimemuuliza amejuaje. Eti anaona tu. Ana jeli ya kupaka mabegani kila asubuhi. Hakuna sindano, hakuna daktari, hakuna maswali. Nimeichukua. Mwaka hauishi kabla sijaitwa baba.

Alhamisi, 13 Machi

Siri imefichwa kwa akili nyingi, nikisema mwenyewe. Tyubu ya jeli ina picha ya mwanamume kifua wazi, misuli kila mahali. Mke wangu angeiona angecheka mwezi mzima. Kwa hiyo nimeikamulia yote kwenye kopo tupu la dawa ya kuchua, na kopo nimeliweka kwenye kabati la bafuni. Nani ana shida na dawa ya kuchua? Karatasi ya maelezo ilikuwa ndefu kama shuka, maandishi ya sisimizi. Nimeitumia kufutia kioo.

Mama mkwe kafika leo. Goti linamsumbua, amekuja kutibiwa, atakaa siku chache. Kwa ukubwa wa masanduku yake, siku chache zitatuzeesha. Hata hajakaa, kamtazama binti yake tumboni, kanitazama mimi, kisha kaomba maji ya kunywa.

Jumapili, 6 Aprili

Inafanya kazi! Mgongoni nimejaa chunusi kama mwanafunzi. Ndevu zinaota kwa fujo. Kukaa siwezi. Nimeamka, nimefagia uwanja, nimefagia wa jirani, nimeosha gari la jirani bila kuombwa. Jirani katoka na kuniuliza kama nimeligonga mahali. Nimemwambia ana dharau. Tulikaribia kushikana mashati.

Juzi dukani Kifua kadai godoro kubwa linabebwa na watu wawili. Nikalibeba peke yangu, mbele ya wateja. Lilinyanyuka! Tatizo ni kona. Taa ya kioo imevunjika, mteja mmoja kafunikwa, meneja kanipa onyo. Lakini Kifua alitoa macho. Nilimwona.

Nyumbani mambo ni mazuri. Mke wangu huniegemea begani tukitazama taarifa ya habari, mimi na fulana yangu isiyo na mikono. Kasema siku hizi nina joto fulani. Nimevimba kichwa. Mama mkwe naye goti limepoa. Jana kalisogeza kabati la nguo peke yake kwa sababu halikumpendeza pale lilipo.

Jambo moja tu. Jeli inapungua haraka. Nadhani inakauka kwa joto la bafuni. Nimemwambia Chuma alete nyingine.

Jumamosi, 19 Aprili

Sielewi nyumba hii. Mke wangu, mtu mpole ambaye hata mende humtoa nje kwa ufagio, leo kamfukuza mteja saluni na kichwa nusu. Nusu kimesukwa, nusu kimesimama! Mteja kasema anavyosukwa anaumia. Mke wangu kamjibu kwamba hata yeye anaumwa na kelele.

Kidevuni katokwa na chunusi. Na nywele. Anazing'oa kwa kibano mbele ya kioo. Yeye ni mtu wa nywele, anasema hizi si za kawaida, ngumu mno. Nimemwambia ni mawazo. Akanigeukia na kibano mkononi, nami nikakumbuka nina shughuli nje.

Mama mkwe ndiye kaniacha hoi. Kamsuta muuza mkaa mpaka muuza mkaa kaacha gunia na kukimbia. Kisha kalibeba gunia mwenyewe. Usiku mama na binti waligombea rimoti, na nilipoingilia kati walinigeuka wote wawili. Sisi watatu hatukai chini. Mmoja akisimama kwenda dirishani, wenzake wanamfuata.

Jumanne, 6 Mei

Mimba!

Mke wangu kaniambia asubuhi, kwa sauti ndogo, kwamba hedhi haijaja, na ya mwezi uliopita ilikuja kidogo tu ikakatika. Kasema nisimwambie mtu mpaka apime. Nimemwahidi. Kisha yote yakanijia kwa pamoja: hasira, chunusi, kutotulia. Mimba tu! Mama mkwe kaongeza kwamba ukali wote ule ni wa mtoto wa kiume, hata yeye alipombeba kaka wa mke wangu alimtupia mumewe sufuria.

Nimefika dukani na peremende. Kubwa kuliko za Kifua. Kifua nimempa tatu na kumgonga bega, nikamwambia asijali kaka, hata na yeye atampata wa nne. Meneja kanipa mkono. Mlinzi kanipigia saluti. Mchana nimekwenda kwa seremala kuagiza kitanda cha mtoto, chenye nguzo nene, maana huyu atakuwa mtoto mwenye nguvu.

Jumatano, 14 Mei

Kipimo kimesema hapana. Kikarudiwa. Hapana.

Nimemkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, kipimo mkononi, anakitazama kama kitabadili mawazo. Kasema anajua nilishawaambia watu. Kasema mwili wake umekuwa haumsikii, ndevu unaota, mtoto haushiki, na ananiomba radhi. Analia huku anang'oa unywele wa kidevuni.

Nimemwambia nimemsamehe. Mwanamume lazima awe na moyo mkubwa.

Ila dukani sijui nitasema nini. Kifua anaulizia maendeleo kila asubuhi na anatoa ushauri. Nimemwambia mke wangu anatapika vizuri.

Mke wangu katumwa kwa daktari wa homoni, naye amesema twende wote wawili. Wote! Nimehoji kwa nini na mimi, nikaambiwa damu itapimwa na mbegu pia. Nimejipaka jeli mara mbili leo, nisije nikaaibika.

Alhamisi, 15 Mei

Nimepewa kikopo na kuonyeshwa chumba. Ukutani kuna picha ya meno na namna ya kuyapiga mswaki. Nje ya mlango mtu anapiga chafya bila kukoma. Sitaandika zaidi. Nimetoka, na nesi kakiinua kikopo kwenye mwanga mbele ya foleni nzima.

Ijumaa, 23 Mei

Nimekwisha.

Tumekwenda kuchukua majibu. Mama mkwe katufuata bila kualikwa, kasema mambo ya uzazi hayamshindi. Daktari ni mama mwembamba, anaongea taratibu, hana haraka na mtu. Kaanza na mke wangu. Homoni ya kiume ya mke wangu iko juu sana, na hiyo ndiyo iliyovuruga hedhi, ikaleta nywele, chunusi na yale makali. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko.

Kisha kaja kwangu. Yangu nayo iko juu mno. Nikajinyoosha kitini. Ila mbegu, kasema, hazipo. Nikauliza ni chache kiasi gani. Kasema si chache. Hazipo. Nilimwomba ahesabu tena. Kasema hakuna cha kuhesabu.

Akaweka kalamu chini, akauliza kama nyumbani tunatumia dawa yoyote. Ya kunywa, ya sindano, ya kupaka. Nikajibu haraka kwamba hatutumii chochote, naapa.

Mama mkwe akaniunga mkono. Kasema ni kweli kabisa, hatutumii kitu, labda dawa ya kuchua ya mkwe wake, ile ya bafuni, ambayo imelitibu goti kuliko hospitali zote. Binti yake humchua nayo kila jioni, kwa viganja vyake mwenyewe. Na akafungua mkoba, akaliweka mezani. Kopo langu!

Daktari kalifungua. Kanusa. Dawa ya kuchua hunuka mnanaa, hii inanuka spiriti. Kaitazama mikono ya mke wangu. Kautazama mdomo wa juu wa mama mkwe, ambapo, lazima niseme ukweli, siku hizi pana kivuli. Halafu wote watatu wakanitazama mimi.

Nimesema yote. Hata picha ya kwenye tyubu.

Daktari hakugomba. Afadhali angegomba. Kaeleza kwamba homoni hizi si za kuchezea. Ndizo zinazomjenga mtu tangu tumboni, zinavunja sauti ya kijana, zinaleta hedhi ya binti, zinalinda mifupa, zinagusa hasira na usingizi. Ubongo huzipima muda wote. Ukiona homoni ya kiume imejaa kutoka nje, unasema kiwanda kifungwe, hakuna haja. Korodani zinalala. Mbegu hazitengenezwi. Na jeli haibaki kwenye bega la aliyejipaka, inahama kwa ngozi. Imehamia kwa mke wangu kwenye bega na viganja. Kwa mama mkwe imepakwa kwa kijiko.

Nikauliza kama kabla ya jeli nilikuwa nimepungukiwa. Kasema hilo hatulijui, hakuna aliyenipima. Pengine nilikuwa mzima. Niache kabisa, nisubiri miezi, mara nyingi kiwanda hufunguka chenyewe, ndipo sote wawili tuchunguzwe upya.

Njiani kurudi mama mkwe alisema mengi. Mke wangu alisema moja tu. Kasema siku ile aliniomba radhi, nami nikaipokea.

Nilibeba mikoba ya wote wawili mpaka nyumbani.

Jumapili, 1 Juni

Nimeacha jeli. Nimenywea. Tangazo la sabuni limeniliza, lile la mtoto anayechafua shati. Sina nguvu ya kugombana na mtu. Jirani kaja kuniuliza kwa upole kama sitaosha gari tena.

Mke wangu amehamia chumba cha mama yake. Chakula ananiwekea, salamu ananipa, basi. Seremala kaleta kitanda. Nguzo nene kweli. Nimekiingiza stoo kikiwa kimefunikwa shuka, na mke wangu kapita, kasimama pale mlangoni kwa muda, kisha akaenda zake. Nimekifunika shuka la pili.

Dukani nimewaambia ukweli nusu, kwamba haikuwa mimba. Nilimsubiri Kifua anicheke. Hakucheka. Kanipa kiti, kasema wa kwanza wao walimsubiri miaka sita. Nimemchukia zaidi.

Jumatano, 18 Juni

Amerudi chumbani!

Kaingia na mto wake jana, akaniambia hedhi imekuja, ya kawaida, na nywele zinapungua. Kasema bado ana hasira lakini kukaa mbali kumemchosha. Sharti ni moja: kisiingie kitu mwilini mwangu bila yeye kujua. Hata dawa ya kikohozi. Nimeapa mbele yake na mbele ya mama mkwe, ambaye sasa ananyoa. Mke wangu kanishika mkono. Nilitamani kulia, na hiyo haikuwa homoni.

Na kiapo nitakitimiza. Jeli ya kiume sitaigusa maisha yangu yote. Nimejifunza.

Lakini nimekuwa nikiyazungusha maneno ya daktari kichwani, natembea nayo kutoka ukuta mpaka ukuta. Mwili ukiletewa homoni ya kiume, unafunga kiwanda cha kiume. Si ndivyo alivyosema? Basi ukiletewa ya kike, utafanya nini? Utashtuka! Utasema jamani tunavamiwa, utawasha mitambo yote, zamu ya mchana na ya usiku! Miezi yote hiyo ya kusubiri ya nini? Ajabu daktari mzima hakuliona.

Nimetoka kazini mapema na kupita duka la dawa. Nimeomba vidonge vya kupanga uzazi, maana ndimo ilimo homoni ya kike. Dada wa dukani kanielekeza vizuri, kimoja kila siku, mke wangu asiruke hata siku moja kama hatujawa tayari kupata mtoto. Nimemwambia tuko tayari kabisa. Kaitazama pakiti, kanitazama mimi, kaitazama pakiti tena.

Mke wangu yuko jikoni, anaimba. Muda mrefu sijamsikia akiimba. Nitamweleza yote mtoto akishapatikana, tucheke pamoja. Vidonge ni vidogo, vya rangi ya waridi. Nimemeza kimoja. Halafu, kwa kuwa mimi ni mwanamume, nimeongeza cha pili.