Bastola Isiyoonekana ya Royce Pettibone

Royce Pettibone alikuwa hajamaliza tonge la kwanza alipoiona rivolva, bastola ya zamani ya marehemu Earl. Ilikuwa ndani ya mkoba wa Bi Verlene, mjane wake na mwenye mgahawa, na mkoba wenyewe ulikuwa wazi kando ya mashine ya kahawa: mpini wa pembe, chuma kilichonakshiwa maua, kitu ambacho matajiri wa Dallas wangepigania mnadani. Royce alitafuna polepole. Ghafla mayai yalikuwa matamu.

Sasa, hapa kwetu Dry Fork, Texas, kila mtu ana bastola chini ya nguo, mchungaji akiwemo. Na adabu ni moja: ya kwako huionyeshi, na ya mwenzio huombi kuiona. Royce alikuwa mgeni, lakini adabu hiyo aliidaka hata kabla hajauliza bei ya kahawa.

"Samahani wakubwa zangu," akasema, akisimama. "Kampuni yetu imetoa bastola mpya, ndogo, ya kubeba mafichoni. Nimeivaa sasa hivi. Naomba tu maoni yenu ya kwanza."

"Maoni gani, na hatuioni?" akauliza Delbert, mpiga mnada mstaafu wa ng'ombe.

"Asante sana, mzee! Hayo ndiyo niliyokuwa nayatafuta."

Akajizungusha taratibu. Shati limembana, suruali imepigwa pasi. Wanaume wakamkagua kama wanataka kumnunua, na hakuna aliyetaka kuonekana kipofu.

"Mimi nimeiona," akasema Mchungaji Hollis. "Ubavu wa kushoto."

"Ubavu wako!" akadakia Delbert. " Iko mguuni. Hebu tazama anavyokanyaga."

"Umbo lake zuri, lakini. Haijitokezi," akasema mchungaji.

"Mchungaji, umeiona au haijitokezi? Chagua moja!"

Ukweli ni kwamba Royce hakuwa na bastola. Maishani mwake hakuwahi kumiliki hata manati.

Bi Verlene akaja na birika la kahawa. "Na uzito je, kijana?"

"Mama, kuna siku nasahau kabisa kwamba nimeivaa."

Hilo lilimgusa. Tangu Earl afe, mama huyu alikuwa akiibeba rivolva yake kila aendako, nzito kama tofali, na bega la kulia lilikuwa likimuuma mpaka machozi. Lakini kuiacha nyumbani aliona ni kama kumwacha Earl mwenyewe. Royce alimwona akilishika bega na kumtaja marehemu mumewe, akateremsha sauti.

"Nipe hiyo ya zamani, nikupe hii niliyovaa. Hapa hapa. Marehemu angependa upumzike, mama."

Bi Verlene akajifuta macho kwa aproni, akakubali.

Royce akaenda msalani, eti kuivua kwa heshima, akarudi na kifuko kilichofungwa zipu. Ndani mlikuwa na chubwi, vile vipande vizito vya kuzamishia ndoana. "Ufungue ukifika nyumbani, mama. Mbele za watu si adabu."

"Ina risasi?"

"Haina. Niamini tu."

Lo! Hapo ndipo alipoharibu. Hapa kwetu hakuna anayeaminiwa kwa hilo. Anayekupa bastola huifungua mbele ya macho yako ukaona haina kitu, na wewe ukishaipokea unaangalia tena, hata kama mmezaliwa pacha. Mtu wa "niamini tu" hajawahi kushika silaha. Bi Verlene aliwaka moyoni, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mshenzi huyu alimtumia Earl kumliza. Usoni, hata kope haikutikisika.

"Ngoja nikuletee yako," akasema, akauchukua mkoba wake na kuingia jikoni.

Alitoka na kifuko kilichofungwa barabara. "Hii ina risasi zote," akamwambia.

Royce akakipima mkononi, akatabasamu, akakibana kwapani bila kukifungua. Delbert akaacha kutafuna. Mchungaji akatua kikombe. Mgahawa mzima ulikwisha kuelewa, isipokuwa mwenye tabasamu. Rivolva ilikuwa imebaki salama jikoni, na kwapani mwa Royce mlikuwa na nyundo ya kulainishia nyama.

"Na mkanda," akasema Bi Verlene.

"Mkanda?"

"Bastola bila mkanda wake nitaibeba wapi, mdomoni?"

Royce alisita. Mkanda ule ulikuwa na bizimu ya fedha halisi, upana wa kisosi, na ndicho kitu pekee alichowahi kununua kwa pesa halali. Lakini aliwaza mnada wa Dallas. Akaufungua, akautoa.

Akaelekea mlangoni, mkono mmoja umebana kifuko, mwingine umeshika suruali. Wanaume wote wakainuka, wakavua kofia kumuaga. Huku kwetu mtu akikuvulia kofia nawe unavua yako. Ni mazoea, hayangoji akili. Royce akaachia suruali, akainua kofia.

Suruali ikashuka mpaka kwenye buti.

Wote wakakagua tena. Ubavuni hakukuwa na kitu. Mguuni hakukuwa na kitu. Palikuwa na chupi kuukuu yenye picha za bata, imembana, basi.

"Haya, mchungaji," akasema Delbert, "unasemaje?"

Mchungaji Hollis akavaa miwani, akatazama kwa haki bila haraka.

"Kwa udogo," akasema, "hakutudanganya."