Jinsi Siraje wa Namakwekwe Alivyouteka Mchanga wa Jinja

Enyi mnaopita na haraka zenu, simameni! Wenye viatu wavivue, waukung'ute mchanga uliomo, kwa maana mchanga ndiye adui wa habari hii, na si vyema adui aisikilize habari yake akiwa amejificha kiatuni. Wenye vikohozi wakohoe sasa. Nyamazeni, vyura wa ziwa. Nawe Naili, unayeanzia hapa Jinja ukijidai una safari ndefu, ngoja kidogo: yupo aliyetembea kukushinda, naye hakufika popote.

Jina lake Siraje. Mwana wa Namakwekwe kule Mbale, mla vumbi wa barabara kuu, mshinda mvua za Tororo, simba wa mifuko ya watu wengine, mwenye magoti yaliayo kama bawaba za mlango wa zamani. Elimu aliipata kwa vipande: kipande madrasa, kipande kwa wamisheni, kipande juu ya lori, na iliyobaki aliisikia watu wakiizungumza. Ujanani alikuwa kedi kule Kenya, yaani mtu wa kubeba mfuko wa fimbo za gofu nyuma ya mzungu, na mzungu akishapiga mpira kutoka kwenye shimo la mchanga, yeye hubaki na reki kuusawazisha mchanga huo. Kupiga, hakupiga. Lakini siku alipovuka mpaka kurudi nyumbani, vita vikiwa vimetulia upande huu wa nchi, ulimi wake ulivuka mbele yake, na ulimi ukasema: "Nilikuwa mwalimu wa wazungu."

Mbale hawakuamini, kwa sababu Mbale walimjua. Ndipo akadandia lori hadi Jinja, ambako walikuwa bado hawajamjua.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nane. Kiwanja cha gofu kilikuwa kimetoka vitani kama mzee aliyetoka hospitali: yu hai, ila msimwulize mengi. Uzio ulikwisha kuwa kuni. Wachezaji wa zamani walitawanyika, wengine nje ya nchi, wengine chini ya ardhi. Viboko wakipanda usiku kutoka ziwani kula majani, na hao ndio waliokuwa wakata nyasi. Mashimo ya mchanga, yale yachimbwayo makusudi ili kumtesa mchezaji, watu waliyachota wakajengea nyumba zao zilizobomoka, na nani angewalaumu? Likabaki shimo moja tu, lenye kina cha mtu kifuani, mdomo wake umeinuka kama wa mtu aliyenuna. Kila mchezaji mpya aliyeingia humo na mpira wake alitoka bila mpira, akaenda kwao, asirudi tena.

Mkuu wa wachezaji alikuwa Bwana Gaster, aliyeitwa kapteni ingawa hakuwahi kushika hata manati. Alimwita Siraje, akajikohoza, akanena kama anayefungua bunge:

"Bwana Siraje! Nimesikia sifa zako, hasa kutoka kwako mwenyewe. Nyuma ya stoo ya vyombo kuna chumba. Bati halivuji. Kitanda kina springi. Mlango una kufuli. Nakupa wanafunzi, nakupa juma moja. Ijumaa baada ya swala nitasimama juu ya shimo lile. Kila mwanafunzi atapiga mara moja. Hata akiutoa mmoja tu, mpira ukakaa kwenye majani, chumba ni chako na kazi ni yako. Wakishindwa wote, barabara unaijua."

Siraje aliijua. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, aliiogopa. Usiku alikuwa akilala barazani kwa fundi cherehani Muzamiru kule Mpumudde, na Muzamiru, mtu mwenye adabu, alikwisha mwambia mara mbili kwamba wakwe zake wanakuja. Magoti yale yasingeweza kupanda lori tena. Akainua mkono, akajibu: "Kapteni! Mchanga huo utalia!"

Jumatatu jeshi lake likakusanyika. Alikuwepo Bogere, shujaa wa mahandaki, aliyevua sare mwaka uliotangulia lakini sare haikumvua yeye. Alikuwepo Joash, mfalme wa lori lisilotembea, dereva Mkenya aliyekuwa akingoja gia kutoka Nairobi, na kwa kuwa gia haikuja, akaja yeye kwenye gofu. Alikuwepo Namukose, muuza vitenge sokoni, ambaye alipoulizwa anatafuta nini huko alisema: "Kutwa nagombana na watu juu ya bei. Nataka kupiga kitu ambacho hakinijibu."

Siraje akashuka shimoni. Ili kuwaonyesha ubaya wa adui tangu mwanzo, akauchukua mpira, akaufukia nusu, ukabaki weupe kidogo unachungulia mchangani.

"Lala chini!" Bogere akanguruma.

Wakalala. Namukose alilala. Siraje mwenyewe, mwalimu wa wazungu, alilala, uso umo mchangani, reki mgongoni. Mbuzi aliyefungwa kando alitazama hali ilivyo, naye akapiga magoti. Aliyebaki wima ni Joash.

"Jameni, si ni mpira tu? Mnalalia nini?"

"Wewe nyamaza," Bogere akamjibu kutoka chini. "Kwenu mchanga ni wa kujengea."

Namukose akainuka kwanza, akajipangusa. Aliuzunguka mpira ule kwa mbali, macho yake hayako kwenye mpira bali kwenye mchanga ulioushika, taratibu, kama mtu anayezunguka nyoka aliyelala. "Kaka yangu aliokota bomu njiani, limefukiwa hivyohivyo," alisema. "Alidhani ni kibuyu."



Hapo ndipo Siraje, kwa akili zake za vipande, alipotangaza vita, si juu ya mchanga, bali juu ya hofu. Akatoa hotuba iliyowachosha hata viboko. "Watu wangu! Huu si bomu! Huu ni yai tu la kuku asiye na haraka! Ushikeni! Uzoeeni! Laleni nao!" Wakatii. Bogere alilala na mpira chini ya mto, mkewe akahamia kwa dada yake. Namukose aliuweka kwenye mfuko wa gauni akauza vitenge nao. Walikula nao chapati. Ilipofika Jumatano hakuna aliyeogopa tena, na Siraje alitembea Mpumudde mikono nyuma, akiitikia salamu ambazo hakusalimiwa.

Alhamisi wakashika fimbo, na msiba ukafunuliwa.

Kwa maana sasa, wakiwa wamepona kabisa, waliutazama mpira usoni na kuutwanga usoni. Ukagonga ukuta wa shimo, ukarudi. Ukazama. Ukaruka juu kama kwale, ukapotelea ziwani. Siraje alipiga kelele za kila namna. Alijua nyayo hujizika mchangani zisiteleze. Alijua uso wa fimbo hufunguliwa utazame mbinguni. Alijua fimbo haishushwi ikagusa mchanga kabla ya pigo, kwani hilo huhesabiwa kosa. Ila pigo lenyewe linatua wapi, hakujua. Miaka yote ile alikuwa amesimama nyuma, na kutoka nyuma alichokiona ni migongo.

"Mwalimu," Joash akamwuliza, akijifuta mchanga masikioni, "hao wazungu wako, walifaulu?"

"Walifaulu sana."

"Basi labda shida ni rangi."

Ijumaa ikaja. Swala ikaisha. Bwana Gaster akasimama juu ya shimo, kofia kichwani, ufunguo wa kufuli ukining'inia kidoleni, na nyuma yake watu wa kupita waliokusanyika kama watu wanavyokusanyika palipo na shimo.

Bogere akashuka. Akapiga mpira kama anayevunja mlango wa adui. Ukapiga mdomo wa shimo, ukarudi, ukatulia katikati ya buti zake. Bogere akaupigia saluti, akatoka.

Joash akashuka. "Nairobi, nitazameni!" akasema, akapiga. Mpira ukapita juu ya Gaster, juu ya watu, juu ya majani yote ya dunia, na mpaka leo yasemekana uko safarini.

Siraje akashuka na reki. Hakutumwa. Mikono yake ilijitia kazi yenyewe, kama mikono ya mtu aliyeishiwa, ikatafuta kazi iliyoizoea. Akasawazisha. Na alipokuwa akisawazisha, aliona kovu la fimbo ya Joash mchangani, na kovu lilianzia palepale mpira ulipokuwa umelala. Reki ikasimama.

Kule Kenya halikuwa hivyo! Makovu yote aliyoyafuta ujanani, asubuhi na jioni, mvua na jua, yalianzia nyuma: vidole vinne nyuma ya mpira, kisha yakapita chini yake kama mkono unaopita chini ya mto wa mtu aliyelala. Wazungu wale hawakuugusa mpira! Waliupiga mchanga, na mchanga ndio uliouinua mpira ukautoa. Alikuwa amefuta somo lote kwa reki kila siku, akalipwa kwa kulifuta.

Hilo halikumtosha kujitukana. Likaja la pili, zito zaidi: Jumatatu ile Namukose aliuzunguka mpira bila kuugusa, macho yako mchangani. Alikuja amefundishwa na vita, na yeye Siraje, bingwa, akamfundisha asahau.

"Mzee, zamu yangu?" Namukose aliuliza. Alikuwa amekwisha shuka. Mpira wake ulikuwa umelala, nusu umefukika.

Sasa sikilizeni kwa makini. Chumba kilikuwa pale juu, kikining'inia kidoleni mwa Gaster. Siraje alihitaji kusema neno moja tu: ogopa tena. Akafungua kinywa, akamwona mwanamke yule amesimama na fimbo kwa utulivu, mfuko wa gauni umetuna kwa mpira aliouzoea, na neno likakataa kutoka. Bati lisilovuja ni kitu kizuri. Lakini mtu anayelala vizuri kwa kumrudishia mwenzake jinamizi, analala kweli?

"Mbona mnakawia?" Gaster akaita. "Kuna mkutano humo?"

"Kapteni, vita vina mashauri!" Siraje akajibu, kisha akainama karibu na Namukose, sauti imeshuka, hotuba zote zimemkimbia. "Nyabo, mama yangu, nilikufundisha vibaya. Nilisema uuzoee. Sitaki uuogope, na sitaki uupige. Uache. Usiuguse kabisa. Chota mchanga ulio chini yake, uanzie hapa nyuma, upite moja kwa moja, wala usisimame. Mpira utaondoka wenyewe."

Namukose akatazama mchanga muda mrefu.

"Nisiuguse."

"Usiuguse."

"Mzee, hilo nalijua toka zamani," akasema. "Ungeanza nalo."

Akajizika nyayo. Akafungua uso wa fimbo. Ndipo mkono wake ulipoinuka, na jua likasimama lione, na Naili ikapunguza mwendo, na Bogere akashika pumzi kama aliye doria. Fimbo ikashuka nyuma ya mpira, ikaingia mchangani kwa sauti ya kitenge kinachopasuliwa, ikapita. Mchanga ukainuka kama pazia. Ndani ya pazia lile, pole pole, bila fahari yoyote, akatokea mzee mweupe wa duara, akapanda, akafika kwenye mdomo wa shimo, akagusa ukingo, akasita. Akatazama nyuma. Watu wakatazama naye. Kisha akaviringika kidogo mbele, kiasi cha urefu wa mbuzi aliyelala, akatulia kwenye majani.

Gaster akaenda. Akapiga magoti. Akautazama mpira kutoka upande huu na upande ule, kama kadhi anayetafuta mwezi. Akasimama.

"Umetoka," akasema.

Lo! Vigelegele vilivyopigwa hapo viliwaamsha viboko mchana. Bogere alimbeba Namukose begani, akateremshiwa amri ya kumshusha. "Niweke chini, una wazimu!" Joash alicheza, na alipomaliza kucheza akamkumbatia hata mbuzi. Habari ikapanda baiskeli ikafika Mpumudde, na ilipofika huko mpira ulikuwa umevuka mto. Jioni ikapanda lori ikafika Mbale, na watu wa Industrial Division, tarafa ya mji huo, waliambiwa kwamba mpira umeua viboko wawili na kwamba mwalimu aliyeyatenda hayo ni kijana wa Namakwekwe, na Namakwekwe ikakumbuka ghafla kwamba ilimwamini siku zote.

Gaster akampa Siraje ufunguo, mbele ya watu. Shujaa akautia mfukoni, akaubana mfuko kwa mkono isije ikawa anaota. Ndipo Bwana Gaster, kwa nia njema kabisa, akasema:

"Mwalimu wa wazungu! Sasa piga wewe mmoja, tushibe macho."



Siraje akashuka. Hangeweza kutoshuka. Akajizika nyayo, akafungua uso wa fimbo, akapiga. Mchanga ukatoka, mpira ukabaki. Akapiga tena. Mchanga ukatoka, mpira ukabaki. "Usiuguse, mzee!" Namukose alimhimiza kutoka juu. "Sijaugusa!" akalia. "Wala haunigusi!" Akapiga mpaka watu wakasogea nyuma, mpaka Gaster akavua kofia akaikung'uta, mpaka waliokosa mchanga wa kujengea wakaja na karai, wakajaza, wakashukuru.

Basi waandishi wa enzi na waandike, wasiongeze wala wasipunguze: kwamba katika mwaka ule, nchi ikiwa inajiokota, kwenye shimo lililo juu ya ziwa mpira mmoja ulitoka mchangani kwa pigo moja, mbele ya mashahidi, ukakaa kwenye majani, kwamba mwalimu wa tukio hilo ni Siraje wa Namakwekwe, na usiku ule alilala kwenye springi, na kwamba mpira haukuwa wake. Wake bado umo.