Ukuta Niliouanzia Chini

Jumatatu, 3 Machi

Mtoto ameamka mara sita. Mimi mara saba. Hiyo ya saba niliamka kuangalia kwa nini hajaamka.

Chumbani kwetu kuna kitanda, kabati, mume, mimi, na binti wa miezi tisa anayelala amekingama kama komeo la mlango. Kitanda chake kipo. Kimesimama nyuma ya mlango, bado kimevaa nailoni ya dukani. Hakuna pa kukiweka. Upande wa pili wa ukuta kuna stoo yenye dirisha zuri kuliko letu, na humo zinalala ndoo. Ndoo! Chumba kizima, peke yao!

Jioni mume wangu kaniambia dada yake anakuja Jumamosi. Ndoa yake imekwisha. Atakaa stoo. Nikauliza, kwa muda gani? Akasema mpaka apate pa kwenda. Nikauliza, atapata lini? Akanitazama kama mtu anayetaka kujua msibani chakula kinaiva saa ngapi.

Nampenda wifi yangu. Naandika hapa nisije nikasahau. Lakini wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe stoo.

Nimeamua. Ukuta wa kati utatoka kabla ya Jumamosi. Stoo ikishakuwa sehemu ya chumba chetu, nani atakayelala humo na kaka yake hapa na wifi yake pale, bila hata pazia? Atapelekwa sebuleni kwa heshima zote. Hii si hila. Ni mpangilio.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwita fundi. Mtaa mzima unamwita Sikio, maana hagusi ukuta kabla hajautegea sikio. Nusu saa nzima aligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasogea hatua moja, akagonga tena. Nilimwambia fundi kwamba mume wangu amekubali. Kwa kweli hajakataa. Hajaulizwa.

Kisha akachora kwa chaki. Msalaba kwenye matofali ya kutoka, duara kwenye ya kubaki. Maduara yakawa mengi kuliko misalaba. Hapa unapita waya wa swichi. Hapa bomba. Juu kabisa mkanda wa zege, umebeba paa. Akasema kubomoa nyumba nzima ni kazi ya mlevi yeyote. Kubomoa kipande na kuacha kipande, hapo ndipo fundi anapojulikana. Unaweka nguzo kwanza. Unazima umeme. Unaanza juu, unashuka, tofali moja moja.

Nikauliza kama ataweza kumaliza Ijumaa. Alicheka mpaka chaki ikamdondoka. Ana kazi kwingine, labda baada ya wiki mbili. "Mama, ukuta si mkate. Haukatwi kwa sababu mtu ana njaa."

Nikamshukuru sana. Nikamshauri aache nyundo na tindo hapa hapa, asijichoshe kubeba mara ya pili. Kaacha! Mtu mzima, ana mvi, na kaniamini.

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza.

Umeme nimezima. Mimi si mjinga. Ukuta nimeulowesha vumbi lisiruke. Mtoto nimemweka mlangoni, nimemzungushia mito. Nguzo sina. Juu nako hakufai. Nikipanda ngazi simfikii mtoto. Nikikaa chini namfikia kwa mguu. Nikaanza chini. Aliyesema waanze juu hajawahi kulea peke yake mchana.

Tofali la kwanza lilichukua saa nzima. La pili, nusu. La tatu ndipo nilipoona muujiza: mtoto amelala! Pwa, pwa, pwa, na yeye kichwa kimeanguka kwenye mto, mdomo wazi. Nikisimama kupumua, jicho moja linafumbuka. Nikigonga, linafumba. Saa mbili mfululizo. Hajawahi tangu azaliwe.

Nimemaliza misalaba yote ya safu mbili za chini. Baadaye nikatoa na maduara matatu. Sikukusudia. Misalaba iliisha na mtoto alikuwa analala vizuri.

Kifusi nimekitoa kwa beseni la kumwogeshea, safari kumi na moja hadi nyuma ya nyumba. Matofali mazima yapo chini ya kitanda. Shimo nimelikinga kwa tenga la nguo chafu. Tangu tuoane mume wangu hajawahi kugusa tenga la nguo chafu. Hata benki haina usalama huo.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi mume wangu kauliza mbona upepo unatokea kwenye nguo chafu. Nikasema ni majira. Akaridhika. Akavaa viatu, akajigonga kidole kwenye kitu chini ya kitanda. Nikasema ni beseni. Akaniangalia kwa muda. Akasema anajua nimechoka, ameona, na dada akija atanipokea mtoto angalau nipate kuoga bila haraka.

Moyo ukaniuma kidogo. Alipofunga mlango nikachukua nyundo.

Saa nne ufa ukatokea. Umeanzia shimoni, ukapanda taratibu kuelekea swichi kama mtu anayejua anakokwenda. Tofali moja ambalo sikuligusa likatoka lenyewe. Nikaliomba radhi. Nikaenda jikoni kunywa maji, dakika moja tu, labda mbili.

Niliporudi, mito ipo. Mtoto hayupo.

Sitaandika nilivyofanya. Nilimsikia akicheka. Alikuwa stoo, amekaa katikati ya ndoo, mweupe pee kwa plasta, anapigapiga mfuniko. Alitambaa akapita shimoni. Nikainama nimfuate, nikainua macho, nikaona kile alichopita chini yake. Ukuta wote wa juu unaning'inia. Hakuna kilichoushika isipokuwa mazoea.

Nilizunguka kwa mlango wa stoo, nikamtoa. Nikakaa naye uani mpaka jua likaondoka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwita Sikio, amekuja. Safari hii hakugonga. Alitazama tu.

"Mama. Huu ukuta hujaubomoa. Umeutafuna, kama panya."

Akauliza maduara yake yako wapi. Nikasema yako chini ya kitanda. Akauliza kwa nini. Nikasema mtoto alikuwa analala. Akasema kalea watoto sita, kwa hiyo yeye amenielewa. Ila paa halina mtoto.

Kaweka nguzo tatu za miti. Mbili chumbani, moja katikati ya stoo. Kasema hakuna mtu kulala huku wala kule mpaka ajenge upya. Siku kumi, akiacha kazi nyingine zote. Ameziacha. Sikumwomba.

Kwa hiyo Jumatatu tulikuwa na chumba kimoja na stoo. Leo hatuna hata kimoja.

Mume wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa juu ya rundo la matofali, akasema, "Ungeniambia." Nikasema angekataa. Akafikiri. Akasema ndiyo, angekataa. Tukakaa hivyo, kila mmoja na tofali lake.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi kaja na sanduku moja na mto. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, sanduku moja na mto.

Aliomba aone chumba chake. Mume wangu alianza kusema mambo ya unyevunyevu na ukarabati wa ghafla. Nikamkatiza. Nikasema ni mimi. Nilitaka stoo iwe ya mtoto kabla hajafika.

Alisimama mlangoni, akatazama nguzo, akatazama shimo. Aliweka sanduku chini polepole, kama lina mayai.

"Wifi," akasema, "kule walibadilisha kitasa nikiwa sokoni. Wewe umevunja ukuta. Angalau wewe umetokwa jasho."

Nilitaka kucheka, nikalia. Akasema hakuja kuninyang'anya kitu, amekuja kwa sababu hana kwingine. Na kwamba ningemwambia tu sina nafasi, angelala jikoni na asingeninunia. Halafu akanyoosha mikono. "Hebu lete huyo mwenye nyumba."

Mtoto kaenda kwake bila kugeuka nyuma. Kalala begani mwake, mchana kweupe, bila nyundo. Nami nililala, nimekaa kwenye kiti, mdomo wazi, saa tatu. Nilipoamka nguo zote chafu zimefuliwa.

Sebuleni sasa tumejibana sote wanne. Yeye kachagua pembeni, miguu kaikunja chini ya meza. Hakulalamika. Nimeiangalia ile miguu muda mrefu.

Jumatatu, 10 Machi

Sikio anajenga. Siku hizi anaondoka na nyundo yake hata akienda kunywa chai.

Nimewaza jana yote na leo. Nilikosea, na nakubali. Ukuta wenyewe ndio haukufaa. Kosa likishafanywa lirekebishwe, na la kurekebishwa hapa ni moja: wifi yangu hana chumba. Stoo ikijengwa upya ni ya mtoto, wifi amesema mwenyewe, kaapa kabisa. Basi yeye akae wapi? Chini ya meza? Mtu aliyefungiwa mlango huko alikotoka?

Sasa. Nyuma ya jiko kuna ghala dogo la mkaa ambalo hatulitumii, na kando yake bafu la zamani lisilo na maji. Kati yao ukuta mmoja, mwembamba. Ukiondoka huo, ni chumba kizuri cha mtu mmoja, na dirisha juu. Nimeugonga kwa kifundo cha kidole, nikausikiliza. Unaitika vizuri kabisa.

Mume wangu sitamwambia, atakataa. Sikio naye ataanza na chaki zake. Wifi ndiye hasa asijue. Akijua atasema asisumbuliwe mtu kwa ajili yake. Nataka afungue mlango akute chumba, basi. Jirani kaniazima nyundo, kubwa kuliko ile.

Nimemwomba wifi kesho asubuhi amtoe mtoto matembezi marefu, hadi adhuhuri, nipate kupumzika. Kafurahi sana. Kanishika shavu, akasema hatimaye nimeanza kujihurumia.