Afya ya Meli Iliyoshuka Kiyeyi

Kiyeyi, karibu na Tororo
Juni 1934

Bwana Mhariri Mheshimiwa,

Naomba nafasi ndogo gazetini mwako niwashitaki, kwa adabu zote, wenye ile meli ya matembezi inayozunguka Ziwa. Kosa lao ni hili: wamemrudisha mke wangu akiwa na afya.

Mke wangu ni Aguti. Kabla ya mvua, memsahibu wa kiwanda cha pamba alikwenda kupumzika melini, akamchukua Aguti awe yaya wa watoto wake. Nilikubali kwa moyo mweupe. Kumbe humo daktari aliwagawia abiria karatasi ya mashauri, jinsi ya kukaa salama na kustarehe katika nchi za joto. Aguti alisoma misheni. Aliikariri kama katekisimu, akashuka nayo Kisumu, akapanda nayo treni mpaka kwangu. Tangu hapo sina amani. Nimeapa kwamba asipoacha mambo hayo, Jumamosi namrudisha kwa baba yake Kisoko, na ng'ombe wangu warudi. Hoja zangu ni hizi:

1. Abiria asikae juani toka saa sita hadi saa kumi. Basi jua likifika utosini Aguti huweka jembe chini, hutandika mkeka kivulini, hujilaza. Pamba inamezwa na magugu. Melini, abiria akilala makuli wanafanya kazi. Nimemtafuta kuli wa hapa nyumbani, Bwana Mhariri, nikagundua ni mimi.

2. Abiria anywe maji yaliyochemshwa tu. Mama yangu mzazi, Alungat, anayekunywa maji ya kisima chetu tangu Wazungu hawajaonekana, aliambiwa yana wadudu. Alichungulia kibuyuni, hakuona mdudu, akaniuliza nimeoa mtu wa namna gani. Tena si maji tu! Sisi Wateso tunakunywa ajono, pombe ya wimbi, tukizunguka chungu kimoja, na mrija unapita mdomo huu hadi ule. Ndio udugu wenyewe. Aguti aliikusanya mirija ya wazee akaichemsha kama mahindi. Mrija wa jirani yangu Okware, aliourithi kwa marehemu baba yake, ulipasuka. Hanisalimu mpaka leo. Nilijaribu kumweleza Aguti kwamba ajono humiminiwa maji ya moto, kwa hiyo ndicho kinywaji kinachomtii daktari kuliko vyote, na mimi kukaa chunguni kutwa ni kutunza afya. Alichukua mrija wangu, nao akauchemsha. Mwanamke akikujibu namna ile, ujue umeshindwa.

3. Abiria atembee kidogo baada ya chakula cha jioni. Wao huzunguka sitaha. Sisi sitaha hatuna, basi yeye huzunguka nyumba na ghala la wimbi, polepole, mikono nyuma kama bwana shauri wa serikali. Loo! Mtu anayezunguka nyumba gizani hapa kwetu ana jina lake, nalo si abiria. Majirani wameanza kunyunyiza majivu milangoni.

4. Abiria alale ndani ya chandarua. Memsahibu alimpa kimoja kikuukuu. Kinamtosha yeye na binti yetu mdogo, Dorcas. Mimi mwenye nyumba nimeachiwa mbu wote. Nilimwambia homa ni mapenzi ya Mungu: wawili waliomtangulia Dorcas tuliwazika kwa homa, mvua zikiwa kama hizi, wala hatukumlaumu mbu. Akasema hatukumlaumu kwa sababu hatukujua. Nilikasirika sana, bwana. Mtu anaambiwaje neno kama lile nyumbani kwake?

5. Abiria aepuke wasiwasi na watu wa kelele. Siku hizi nikianza kufoka, anaondoka taratibu.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Ama wenye meli watuletee hapa Kiyeyi meli yenyewe, na ziwa la kuipitisha, na makuli wake. Ama waje wachukue afya yao. Mimi niliposa mke. Abiria sikuposa.

Nakusalimu wewe, wapiga chapa wako na wote wa nyumbani kwako. Wasomaji wa Tororo, Busia hadi Lumino, yoga noi, yaani salamu nyingi.

Ni mimi mnyenyekevu wako, mwenye hasira ya haki,
Erisa Omoding

Nyongeza: Bwana Mhariri, barabara iliharibika, barua hii haikufika posta. Sasa mvua zimekatika, na Jumamosi ile imepita zamani; Aguti yuko hapa hapa. Dorcas hajaumwa hata siku moja. Asubuhi hii anamkimbiza jogoo uani, na mama yangu anachemsha maji bila kuambiwa na mtu. Tafadhali usiichapishe barua yangu, nakusihi. Ila umuulize huyo daktari wa meli vyandarua vinapatikana wapi. Kwa Okware wamezika wajukuu wawili. Amebaki mmoja, na mvua za pili haziko mbali.