Daktari wa Macho wa Soko la Ikutha

Kyule alitoka Mbumbuni kuja Ikutha kuuza vijiko. Lakini akipita nje ya shule ya msingi akasikia mwalimu akiwaambia wazazi, "Watoto ambao hawaoni ubao wapelekwe hospitali. Macho yao yanaharibika kila muhula." Kyule akatazama jinsi nyuso za wazazi zilivyoanguka. Vijiko akavisahau pale pale.

Siku ya soko alikuwa daktari. Koti jeupe, meza kando ya soko la mbuzi, na miwani ya plastiki, ile ya watoto kuchezea, vioo vyake kama vya dirisha. Yeye mwenyewe alivaa moja, kubwa kidogo.

"Wazazi wangu! Miwani ya hospitali inafanya jicho kuwa vivu! Mtoto akishavaa, ni mpaka kaburini. Hii yangu inarudisha macho kwa miezi mitatu. Mimi nilikuwa karibu kipofu. Saa hii naona siafu akikojoa!"

Watu wakacheka, na mtu akicheka mkono wake unaenda mfukoni wenyewe.

Nyanya mmoja, Katunge, alikuwa amesimama kando na mjukuu wake Ndunge, na mbuzi. Mwaka jana Ndunge aliona ubao akikaa mbele. Mwaka huu hata mbele haoni, ananakili kwa jirani, pamoja na makosa. Katunge alikuja kuuza mbuzi ampeleke kliniki ya macho mjini Kitui. Shida ni kwamba mbuzi alikuwa bibi kizee. Alinona kwa sababu alilishwa uji, na bei yake ya kweli isingewafikisha hata mlangoni.

"Mwaitu, mama yangu, kuja!" Kyule akamvalisha Ndunge miwani. "Unaona nini?"

"Ile tu nilikuwa naona."

"Imeanza kazi!"

Simu ya daktari ikalia meseji. Akainyoosha mbali kama mtu ameshika nyoka. Halafu akageukia ukuta, akachomoa miwani nyingine, ya kweli, mfukoni, akasoma, akaificha haraka. Watu hawakuona. Katunge aliona.

"Daktari," akasema kwa sauti ya kanisani, "pesa sina. Chukua mbuzi. Lakini huyu bado msichana, kwa hivyo miwani peke yake haitoshi. Niongezee elfu tano."

Kyule akatazama ule unono, akameza mate. "Msichana kweli?"

"Soma meno ujue umri. Hapa kwetu mnunuzi anafungua mdomo mwenyewe, anatangaza mbele ya watu, ndio kesho kusiwe na maneno."

Kyule akafungua. Akaona ukungu. Mkono ukaenda mfukoni, ukakumbuka mahubiri juu ya miwani ya hospitali, ukarudi. Akajaribu kidole gumba.

"Asi!" Katunge akapaza sauti. "Daktari wa macho anapapasa?"

Watu wakageuka kumtazama. Wateja walioshika miwani wakangoja.

"Nani anapapasa? Namsalimia! Meno mawili, meupe, mbuzi wa mwaka mmoja!"

"Umesema wewe," Katunge akajibu, akapokea pesa, akamshika Ndunge mkono.

Kyule akamvuta mbuzi mpaka kwa Salat, mfanyabiashara wa mifugo. Salat akainua mdomo wa mbuzi, akacheka mpaka akakalia ndoo.

"Daktari, huyu hana jino! Huyu alikuwa harusi ya mama yangu! Wewe ulimsoma na nini?"

Soko zima lilisikia. Wateja wakarudisha miwani mezani, kila mmoja akidai pesa yake. Kyule aliondoka Ikutha na mbuzi peke yake, na hata huyo alikuwa anasimama kila hatua tatu kupumzika.

Jumanne, Kitui, nesi alimpima Ndunge, akamkabidhi miwani yake. "Macho ya mtoto yanabadilika. Mrudishe baada ya miezi sita nipime tena. Na acheze nje, asishinde kwa simu."

Ndunge akavaa. Akatazama ukuta, akatazama dirisha, akamgeukia nyanya yake, akakaza macho muda mrefu.

"Nini?" Katunge akauliza.

"Susu, kumbe uko na ndevu."

"Toa hiyo kitu. Hiyo ni ya ubao."