Gunia la Mchele Katikati ya Sala ya Kimya

Jamani, kama kuna anayehamia Perth wiki hii aniambie, nijipenyeze kwenye mizigo yake. Sydney imenishinda. Leo nimejiaibisha mbele ya ukumbi mzima wa wanawake wa Kiyahudi, na kibaya zaidi, hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia niache. Mtaelewa mbele kwa nini.

Wengi mnajua namtunza bibi mmoja huku upande wa baharini, Bibi Hana. Ana miaka themanini na kitu, anatembea kwa kigari cha kushikilia, ila ulimi wake bado una miaka ishirini. Mimi ndiye niliyeanza kumwita Bibi. Alipojua maana yake akasema kumbe nimempa cheo, na wajukuu zake nao waanze kukitumia.

Sasa, Bibi na wenzake zamani walikuwa na kikundi chao cha maombi, wanawake watupu. Walikuwa wakikutana kila mwezi ukiandama, maana kwao mwezi mpya ni sikukuu ya wanawake. Mwezi ukiandama, mwanamke anapumzika kazi. (Hapo mimi nikauliza kama wanapokea wanachama.) Kikundi kikaja kikafa. Wengine walifariki, wengine walihamia kwa watoto wao, waliobaki wakachoka. Mwaka huu Bibi akaapa kwamba hafi kabla hajakifufua. Siku nyingi amekuwa kwenye simu akiwabembeleza watu, mpaka akampata dada mmoja mwalimu, Debora, akakubali kuwaongoza.

Leo asubuhi ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Namvalisha kofia, anaivua, namvalisha tena.

"Wengi wamesema wanakuja kutazama tu," akaniambia. "Wakikuta hakuna uhai, hawarudi. Na mimi sina tena nguvu za kuwapigia simu."

"Na mimi nifanyeje huko, Bibi? Sala zenu sizijui."

"Kaa karibu yangu. Fuata wanachofanya wenzako."

Shikeni hapo hapo. Fuata wanachofanya wenzako. Mimi ni mtu wa kufuata maagizo, hata kwenye shifti wananisifu.

Kulikuwa na jambo lingine. Kila mwanamke aliombwa alete chakula cha kupewa familia za wakimbizi zinazotoka kambini na kufikia kule Mount Druitt. Mtaani kwetu kabisa. Nyie mnajua tulivyofika mimi na wanangu kutoka kambi ya Kigoma. Tulifungua mlango wa nyumba tuliyopangiwa tukakuta boksi jikoni: mchele, mafuta, sukari, sabuni. Halikuwa na jina. Mpaka leo sijui nani aliliweka, na siku ile nililia nimelikumbatia boksi kama ndugu yangu. Kwa hiyo Bibi aliposema pakiti moja ya tambi inatosha, nikamsikia vizuri, halafu nikaenda kununua gunia la mchele. Kilo kumi.

Tulichelewa kidogo. Bibi alibadilisha rangi ya mdomo mara mbili. Tulipoingia wenzetu wameshakaa, na mbele, karibu na meza ya Debora, kuna kapu kubwa limefunikwa kitambaa cheupe. Nikasukuma gunia langu chini ya kiti nikawa najiuliza: hivi vitu tunapeleka saa ngapi?

Kanisani kwetu mnajua wenyewe. Sadaka ya vitu haipelekwi kimya kimya. Inapelekwa kichwani, kwa mstari, kwa kucheza na vigelegele, ili hata aliyekaa karibu na choo ajue umetoa. Ukitembea tu kawaida watu watauliza una ugomvi gani na mchungaji. Nikajua wakati ukifika nitaona wenzangu wakinyanyuka.

Maombi yakaanza. Debora anasoma, wao wanajibu, lakini kwa sauti za woga, kila mtu anamsubiri mwenzake aanze. Mama mmoja wa mstari wa mbele, mfupi, mwembamba, alikuwa amekunja uso tangu tuingie. Mwingine akatazama saa. Nikamwona Bibi anatazama mlango, kama anahesabu watakaotoka kwanza, roho ikaniuma kweli. Nikasema kimoyomoyo, Mungu, leo usimwaibishe huyu bibi.

(Mungu alikuwa na mpango wa kumwaibisha mtu mwingine.)

Mara wote wakasimama. Bila kutangaziwa chochote, wakarudi nyuma hatua tatu. Ukumbi mzima, kwa pamoja. Halafu wakaja mbele hatua tatu.

Mwili ukanisisimka. Tatu nyuma, tatu mbele! Nani kati yenu asiyeujua mwendo huo? Ndivyo kwaya yetu inavyoanza safari ya kwenda madhabahuni. Nikasema, ahaa, kumbe mambo ni yale yale, na sadaka imefika.

Nikainama, nikajitwika gunia. Mkono mmoja juu, mkono mwingine kiunoni. Tatu nyuma, tatu mbele, nikatoka. Nikapita katikati ya viti nikiyarudi taratibu, mabega yanafanya kazi, kiuno kinasaidia. Nikaona kimya kimezidi. Nikadhani wanaona aibu kwa sababu kikundi ni kipya, wanahitaji mtu wa kuwafungulia njia. Basi nikawafungulia. Nikapiga kigelegele kimoja kirefu, kile cha kupokea bibi harusi.

Hakuna aliyejibu.

Nikafika mbele nikageuka na gunia langu. "Njooni akina mama, msiogope."

Hakuna aliyekuja. Wote walikuwa wamesimama palepale, miguu imebanwa pamoja, vitabu usoni, midomo inacheza bila sauti. Mabega ya watu wawili watatu yalikuwa yanatikisika. Debora alikuwa amesimama kati yangu na kapu, macho kayafumba, machozi yanamtiririka. Nikadhani ameguswa na Roho. (Alikuwa anazuia kicheko.) Bibi Hana alikuwa ameng'ang'ania kigari chake, amekuwa mwekundu mpaka kwenye shingo.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeharibu. Sikujua nimeharibu nini. Kurudi niliogopa, kumsukuma Debora niliogopa zaidi, kulishusha gunia nilihofia litapiga kishindo. Nikaamua kuwa nguzo. Nikasimama mbele ya wanawake wa watu, mchele kichwani, natazama dari, na sala ile jamani ni ndefu.

Mwishowe mmoja mmoja wakarudi nyuma hatua zao, wakainama kushoto na kulia. Wakamaliza. Nikafungua mdomo niombe radhi, na hapo kigelegele kikapigwa.

Siyo mimi. Nawaapia, safari hii siyo mimi.

Alikuwa yule mama mfupi aliyekunja uso. Kichwa amekitupa nyuma, mkono mdomoni, kigelegele cha mtu aliyezaliwa nacho. Alipomaliza alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Mimi nimezaliwa Baghdad," akasema. "Mama yangu ndivyo alivyokuwa akipiga, kwenye harusi na mtoto akizaliwa. Sijakisikia tangu tumzike."

Basi, kicheko walichokuwa wamekibana chote kikatoka. Debora alikaa chini kabisa, sakafuni. Alipopata pumzi akasema kinachofuata ni zaburi za shangwe, wakaimba. Na sasa waliimba, siyo ule mnong'ono wa mwanzo. Yule aliyekuwa anatazama saa alipiga meza mpaka vitabu vikaruka.

Baadaye Bibi ndiye aliyenieleza. Ile ni sala yao ya kimya. Ukishaianza, miguu unaibana, huruhusiwi kusema wala kumpa mtu ishara mpaka umalize. Yaani waliniona tangu naliinua gunia, na hakuna aliyeweza kunishika mkono. Na kapu limefunikwa kwa makusudi: kila mtu aliweka chake alipoingia, kimya kimya, kwa sababu kwao utoaji mzuri ni ule ambao mtoaji na mpokeaji hawajuani.

Nikalikumbuka boksi langu lisilo na jina.

"Nimekuharibia, Bibi," nikasema. "Nisamehe."

Yeye alikuwa anasikiliza mlangoni. Wanawake walikuwa wanaagana, na kila mmoja akipita anamwambia, "Tuonane mwezi mpya." Mmoja aliuliza kama anaweza kuja na dada yake. Yule mama wa Baghdad akatoa amri kabisa: mwezi ujao vitu vyote vifunikwe vitambaa, asijulikane nani kaleta nini, halafu sala ikiisha vibebwe kwa kucheza. "Mchele uende kimya," akasema. "Sisi tusiende kimya." Na atakayewafundisha kubeba ni mimi.

Njiani Bibi alitazama dirishani tu. Nikajua hapa nimeshaondolewa kwenye rosta ya kazi. Tumefika taa nyekundu, akanigeukia.

"Lile gunia, shingo halikuumizi?"

"Haliumizi, Bibi. Ni mazoea."

"Nilikuwa naogopa watatoka mmoja mmoja," akasema. Akafuta macho kwa kona ya kitambaa chake. "Mazoea yanachukua muda gani?"

Sasa hivi ninavyoandika yuko jikoni. Kofia ameivua, pakiti ya sukari iko kichwani, kigari amekiacha sebuleni, na ameshaanza: tatu nyuma, tatu mbele. Anayetaka kunicheka aje kwanza anisaidie kumdaka.