Mtaro Uliokwepa Mizabibu

Jumatatu, 6 Januari
Mwenyekiti wa mtaa wetu, Bi Restuta, ameniteua kukagua mtaro mpya wa maji ya mvua. Alisema mwalimu mstaafu anajua kusoma mchoro. Kweli. Nimeusoma nikakuta mtaro unapita juu ya mizabibu yangu mitatu. Mafuriko yalinitoa Gulwe miaka ishirini na saba iliyopita, na hapa Dodoma mizabibu hiyo ndiyo ya kwanza kunishikia mizizi. Nimeipanda kwenye eneo la barabara. Hilo si la kuandika.

Jumatano, 8 Januari
Nimezungumza na Batholomeo, msimamizi wa mafundi. Nilimshauri apinde kidogo kushoto, mtaro utapendeza zaidi. Akauliza utapendeza machoni pa nani. Kisha akacheka: sawa baba, ila na wewe usituchoshe na rula yako. Tumeelewana. Kushoto ni jikoni kwa Bi Salha, mjane. Jiko la udongo.

Ijumaa, 10 Januari
Ukaguzi. Mafundi waliniamkia shikamoo mmoja mmoja, wakaniwekea kiti kivulini. Mzee hainamishwi mtaroni. Batholomeo akashuka na fimbo ya kupimia, akawa anapaza sauti: kina nusu mita, mwalimu. Nikaandika nusu mita. Kutoka kitini niliyaona magoti yake yote mawili juu ya ukingo. Nikasaini. Mhandisi wa jiji hakushuka garini. Alipokea fomu dirishani.

Jumapili, 12 Januari
Mvua kubwa mchana. Maji yalifika kwenye mpindo, hayakupinda. Ukuta wa jiko la Bi Salha umelala chini. Ufa umeanza kupanda kwenye chumba anacholala. Nilimkuta akikamua kanga. Akaniambia afadhali nimekuja mimi, kwa kuwa niliwahi kutolewa kwetu na maji, najua. Akaniomba nimwandikie barua ya malalamiko. Sikuweza kumtazama usoni.

Jumatatu, 13 Januari
Barua imekamilika, kurasa mbili. Kina halisi: sentimita ishirini na nane. Leo nimepima mwenyewe, nikiwa nimepiga magoti. Palipohitaji jina la mkaguzi nimeandika “wahusika”. Nilipomsomea Bi Salha alilia, akasema Mungu anibariki.

Jumatano, 15 Januari
Mkutano wa mtaa. Bi Restuta aliisoma barua yote kwa sauti. Nilisimama ili nikiri. Kabla sijafungua mdomo akatangaza kwamba mwandiko ni wa mwalimu, na aliyeyaona makosa kwa usahihi huu ndiye atakayekagua marekebisho. Makofi. Niliinamisha kichwa kwa aibu. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba wazee wa zamani walikuwa na unyenyekevu.

Mtaro utarudishwa ulipochorwa. Yaani kwangu. Wiki moja tu, nyumba ya Bi Salha itapona.

Kesho asubuhi nitamwona Batholomeo. Ng'ambo ya barabara, kwa Halfani, kuna banda la kuku tu.